Notsi za aljebra ambazo mtoto atazirudia: jibu kwa mwalimu wa kidato cha kwanza

SWALI: Nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata mkoani Tanga. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya themanini na vitabu havitoshi, kwa hiyo tegemeo lao ni notsi ninazoandika ubaoni. Nimejitahidi. Natumia chaki za rangi, nachora vikatuni, nimewaambia wapambe madaftari yao. Madaftari yamependeza kweli, lakini nikiuliza swali la aljebra lililomo humohumo, darasa kimya. Nifanyeje notsi ziwavutie watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne? Na nitafanyaje hivyo bila kugombana na wathibiti ubora, ambao wanataka kuona daftari limejaa?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, pole na majukumu. Uliyoyaeleza hayanishangazi. Mtoto anaweza kunakili ubao mzima huku anasikiliza stori za dawati la nyuma, na asikosee hata nukta. Notsi zako, kwa jinsi ulivyozieleza, zimekamilika kupita kiasi: maana ipo, mfano upo, jibu lipo, na pambo juu yake. Mwanafunzi kaachiwa nini cha kufanya? Hajaachiwa kitu. Mtoto wa umri huo huvutwa na notsi inayomwachia kazi mkononi: mstari ambao haujaandikwa, kosa ambalo lazima alitafute mwenyewe, swali ambalo watalibishania mpaka mapumziko. Hayo yote yanawezekana kwa chaki nyeupe na daftari la kawaida.

Kuhusu rangi, usiziache, ila zipe kazi. Kwenye 5x + 3 + 2x + 4, vipande vyenye x viwe rangi moja na namba tupu rangi nyingine. Hapo rangi inafundisha. Katuni ya simba aliyevaa miwani kando ya mlinganyo haifundishi kitu. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Marekani na wenzake wamefanya majaribio kwa miaka mingi kuonyesha kwamba pambo lisilohusiana na somo hupunguza kile mwanafunzi anachoshika. Mtoto atamkumbuka simba, mlinganyo atausahau.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe. Siku ya kwanza ya aljebra usiandike maana ya aljebra. Chora ubaoni mraba mmoja wa njiti za kiberiti: njiti 4. Ubandikie mraba wa pili unaotumia ule ubavu wa katikati: sasa ni njiti 7. Ongeza wa tatu: 10. Chini yake andika swali moja tu. Miraba 50 iliyopangwa hivi kwa mstari mmoja inahitaji njiti ngapi, na umejuaje? Kisha waambie waache nusu ukurasa wazi, na wewe nyamaza.

Watakuja na njia tofauti. Mmoja atasema mraba wa kwanza unakula njiti 4, na kila mmoja kati ya 49 iliyobaki unakula 3: 4 + 3 × 49. Mwingine ataona njiti moja iliyosimama mwanzoni, halafu tatu tatu kwa kila mraba: 1 + 3 × 50. Wa tatu atahesabu njiti za juu 50, za chini 50, na zilizosimama 51. Wa nne, na huyu huwa ni yule anayependa njia ndefu, atasema miraba 50 ni njiti 200, lakini njiti 49 za katikati nimezihesabu mara mbili, kwa hiyo 200 − 49. Wote wanapata 151. Atakuwepo pia wa 200 aliyesahau kuondoa zile 49. Usimfute, andika na njia yake ubaoni, wenzake watamwambia wenyewe.

Kisha uliza: na miraba 80? Na 1,000? Wakichoka kurudia hesabu ileile, hapo ndipo herufi inaingia, na inaingia kwa sababu inaokoa kazi. Idadi yoyote ya miraba tuiite n. Njia zao nne zinageuka hivi:

4 + 3(n − 1)
1 + 3n
n + n + (n + 1)
4n − (n − 1)

Hiyo ndiyo notsi ya siku ile. Andika mitajo yote minne, na kando ya kila mmoja andika imetoka wapi: "njia ya dawati la dirishani", "njia ya mstari wa nyuma". Darasa linaandika daftarini kitu ambacho limekitengeneza lenyewe. Ukiniuliza kati ya mambo yote nitakayoyataja hapa ni lipi la kujaribu kwanza, ni hili la kuwatambua waliogundua njia. Halina gharama, na mtoto ambaye njia yake imeandikwa ubaoni hukaa vingine kabisa kipindi kinachofuata.

Tena umepata bure sababu ya kurahisisha. Kitabu huwaambia watoto "rahisisha" bila kuwaambia kwa nini, nao hurahisisha kwa kutii amri. Hapa kuna ubishi wa kweli: mitajo minne isiyofanana inawezaje kutoa jibu moja kila mara? Wafungue mabano, wakusanye vipande vinavyofanana, na kila mtajo utaishia 3n + 1. Ule wa nne una mtego wake, kwa sababu 4n − (n − 1) ni 4n − n + 1, na nusu ya darasa itaandika 4n − n − 1. Waambie wajaribu n = 2. Picha inasema njiti 7, wao wamepata 5. Picha ndiyo inayowasahihisha, nawe umepumzika kuwa hakimu.

Sasa kuna jambo nitalisema kwa ukali kidogo, maana nalikuta kwenye notsi za walimu wazuri kabisa. Ni ile 3m + 2n inayoelezwa kwamba ni maembe matatu na mananasi mawili, "na embe halijumlishwi na nanasi". Inachekesha, watoto wanaipenda, na inawaharibu. Herufi katika aljebra inasimama badala ya namba. Mtoto aliyeambiwa m ni embe hana mahali pa kupeleka m × n, wala m². Embe mara nanasi ni nini? Huko Uingereza miaka ya sabini Dietmar Küchemann aliwapima maelfu ya watoto wa rika hili na akakuta wengi wao wanaichukua herufi kama jina la kitu. Kama unataka maembe, yaweke hivi: m ni bei ya embe moja, n ni bei ya nanasi moja, na 3m + 2n ni pesa nitakayolipa. Leo embe ni shilingi 500 na nanasi ni 2,000, nalipa 5,500. Msimu ukikolea bei zinashuka, mtajo unabaki palepale. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inamfuata mwanafunzi mpaka kidato cha nne.

Ukitaka kupima kama wamelielewa, wape sentensi hii: "Katika shule kuna wanafunzi 40 kwa kila mwalimu mmoja. Tumia w kwa idadi ya wanafunzi na m kwa idadi ya walimu, andika mlinganyo." Wengi wataandika 40w = m kwa kufuata mpangilio wa maneno. Wabane: kama walimu ni 2, wanafunzi ni wangapi? Themanini. Haya, weka kwenye mlinganyo wako. 40 × 80 = 2? Darasa litacheka, na wengi watafuta. Usisikitike. Swali la sura hiihii waliwahi kupewa wanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja Marekani, na zaidi ya theluthi walikosa.

Kosa lingine linaanzia shule ya msingi, kwenye alama ya sawasawa. Kwa miaka saba mtoto ameiona alama ile ikimaanisha "toa jibu". Mpe 8 + 4 = □ + 5 na umwache ajaze kiboksi. Atakayeandika 12 anaamini jibu hukaa mara tu baada ya alama. Atakayeandika 17 amejumlisha kila alichokiona. Jibu ni 7, na mtoto asiyelipata hilo hawezi kuelewa mlinganyo hata umwandikie kwa dhahabu. Hili lifanye ukurasa wake peke yake, kabla hujaandika x yoyote. Watoto wa umri huu hupenda pia kujua nani alianza, kwa hiyo waambie: alama hii ilichapishwa kwanza mwaka 1557 na Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, aliyechoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mara. Alichagua vistari viwili sambamba vyenye urefu mmoja kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa zaidi ya hivyo. Mistari miwili ya historia inatosha. Ikizidi hapo inakuwa somo jingine.

Kwa milinganyo, mizani ya dukani ni kielelezo kizuri, ile ya mawe upande mmoja na sukari upande wa pili. Ukipunguza huku, punguza na kule. Ichore, itumie kwa 3x + 4 = 19, kisha iache mapema. Siku utakayofika kwenye x + 5 = 2 mizani itakwama, maana hakuna mfuko wa sukari wenye kilo hasi tatu. Walimu wengine hung'ang'ania mizani hadi hapo na kuwachanganya watoto. Sema tu kwamba kanuni inabaki: unachofanya upande huu, fanya na upande wa pili. Picha tunaiacha.

Na tafadhali chelewesha ule mkato wa "hamisha upande, badilisha alama". Najua unaokoa muda. Lakini tazama unachozaa: 3x = 15, mtoto anahamisha 3, anabadilisha alama, anapata x = 15 − 3, yaani 12. Au anaandika 15 ÷ (−3). Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwa ujasiri kwamba mwalimu alisema ikivuka inabadilika. Mkato uje baada ya wiki kadhaa, wakiwa wameshaugundua wenyewe kwa uchovu wa kuandika.

Ukurasa wa kutatua milinganyo mimi ningeupanga hivi. Juu, mfano mmoja uliokamilika, wenye sababu upande wa kulia:

3x + 4 = 19
3x + 4 − 4 = 19 − 4 … nimetoa 4 pande zote
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3 … nimegawa kwa 3 pande zote
x = 5
Uhakiki: 3 × 5 + 4 = 19. Sawa.

Chini yake mfano wa pili wenye mapengo:

5x − 7 = 28
5x − 7 + ___ = 28 + ___
5x = ___
x = ___
Uhakiki: ______

Mfano wa tatu una mstari wa kwanza peke yake: 4(x + 2) = 36. Na wa nne umeshafanywa, lakini umekosewa:

2(x + 3) = 16
2x + 3 = 16
2x = 13
x = 6.5

"Aliyefanya swali hili amekosea mstari gani? Mwandikie sentensi moja ya kumsaidia." Hapa utaona darasa likiamka. Watoto wanaoogopa kutoa jibu lao hawaogopi hata kidogo kukosoa la mtu asiyekuwepo. Makosa haya yachukue kwenye madaftari yao wenyewe, bila majina, maana yanajirudia kila mwaka: 5 + 2x linageuka 7x, x + x linageuka x², na 3x wakati x = 4 linageuka 34. Hilo la mwisho huwachekesha walimu, lakini mtoto ana hoja yake. Miaka yote ameambiwa tarakimu zikikaa pamoja zinaunda namba moja. Nani amemwambia kwamba leo kukaa pamoja ni kuzidisha? Liandike kwenye notsi waziwazi.

Mpango huu wa kuanza na mfano kamili na kupunguza msaada kidogo kidogo sikuubuni mimi. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper wa Australia walionyesha, kwa kutumia aljebra yenyewe, kwamba wanaoanza hujifunza haraka zaidi wakisoma mifano iliyofanywa kuliko wakitupiwa maswali mengi tangu mwanzo. Ila mfano ukiachwa peke yake unanakiliwa na kusahaulika. Mapengo ndiyo yanayomlazimisha mtoto kuusoma.

Kabla sijaliacha hili la makosa, itazame na MAGAZIJUTO, ile kanuni ya mpangilio wa matendo. Wanafunzi wako wote wametoka nayo shule ya msingi, imewasaidia, na ina shimo. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: mtoto anayeifuata herufi kwa herufi anaamini kujumlisha kunatangulia kutoa. Mpe 10 − 3 + 4, atajumlisha 3 na 4 kwanza na kupata 3. Kwenye aljebra anakuja na 10 − 3x + 4x = 10 − 7x, nawe unabaki unashangaa. Kumbe kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja na vinafanywa kuanzia kushoto, vilevile kugawanya na kuzidisha. Waandikie kwamba alama iliyo mbele ya kipande ni mali ya kipande hicho, unapokihamisha kihame nayo. Waizungushie duara pamoja na kipande chake: −3x ndani ya duara moja, +4x ndani ya jingine. Hapo chaki ya rangi ina kazi.

Kwa mambo ya maisha ya kila siku, nakushauri uchague machache na uyatafune vizuri. Mimi nina mawili ninayoyapenda kwa shule za pwani.

La kwanza ni mpira. Hakuna mtoto wa darasa lako asiyejua msimamo wa Ligi Kuu. Ushindi pointi 3, sare pointi 1, kufungwa sifuri. Kama u ni idadi ya mechi ambazo timu imeshinda na s ni za sare, pointi ni P = 3u + s. Hapo una kila kitu. Timu imeshinda 12 na kutoka sare 5, ina pointi ngapi? Arobaini na moja. Timu ina pointi 61 na sare 4, imeshinda mechi ngapi? 3u + 4 = 61, kwa hiyo 19. Zamani ushindi ulikuwa pointi 2, na ligi ya Uingereza ndiyo iliyoanza kutoa 3 mwaka 1981. Waandike kanuni ya zamani, 2u + s, kisha watafute timu mbili ambazo zingebadilishana nafasi kwenye msimamo. Yenye ushindi 10 na sare 2, na yenye ushindi 8 na sare 7: kwa kanuni ya sasa ya kwanza ina 32 na ya pili 31, kwa kanuni ya zamani ni 22 kwa 23. Nakuonya, kipindi kitaisha mnabishana.

Kisha mwishoni mwa ukurasa weka swali hili bila jibu: "Ligi ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Je, timu inaweza kumaliza msimu na pointi 89?" Mechi zote 30 ukishinda ni 90. Ukishinda 29 na moja ukatoka sare, 29 × 3 + 1 = 88. 90 na 88 zinapatikana, ile ya katikati haipatikani kabisa. Nayo ndiyo namba pekee kati ya 0 na 90 yenye tabia hiyo. Mtoto atakayekuja kesho yake kukueleza kwa nini ameshatoa uthibitisho wake wa kwanza wa kihisabati, ingawa usimwambie neno hilo, litamtisha.

La pili ni mirathi, na hapa uko karibu na chimbuko la somo lenyewe. Muhammad al-Khwarizmi alipoandika kitabu chake cha aljebra mjini Baghdad, kiasi cha mwaka 820, alisema wazi kwamba ni kwa mahitaji ya watu katika mirathi, biashara na upimaji wa mashamba, na sehemu kubwa ya kitabu ni maswali ya mirathi. Hakuwa na x wala alama ya sawasawa, kila kitu alikieleza kwa maneno. Watoto wengi wa Tanga wamesikia mgawo ukijadiliwa barazani. Marehemu ameacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili, na shamba la shilingi 16,000,000. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata moja ya nane, yaani 2,000,000. Inayobaki 14,000,000, na fungu la mtoto wa kiume ni mara mbili ya la wa kike. Fungu la binti mmoja liwe b. Basi 2b + b + b = 14,000,000, kwa hiyo b ni 3,500,000 na mtoto wa kiume anapata 7,000,000. Angalia tu kama kuna mwanafunzi aliyefiwa karibuni. Kama yupo, tumia mpira.

Kuna suala la lugha ambalo hukulitaja, lakini kidato cha kwanza haliepukiki. Watoto wametoka kujifunza hisabati kwa Kiswahili na ghafla kila neno ni la Kiingereza. Sehemu ya kimya unachokiona darasani inatoka hapo. Tenga kurasa nne za nyuma za daftari ziwe na safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na mfano wa namba. Safu ya tatu ndiyo muhimu, na aijaze mwanafunzi mwenyewe. Na usidhani Kiswahili chenyewe hakina mitego. "Toa 7 kutoka kwenye x" huandikwa 7 − x na watoto wengi, kwa sababu 7 imetajwa kwanza. Wazoeze kuweka namba halisi mahali pa x kabla ya kuandika mtajo: toa 7 kutoka kwenye 12, umebaki na ngapi, umeandikaje?

Sasa muda na wathibiti ubora. Kipindi cha dakika 40 chenye watoto themanini kinaliwa na kunakili. Punguza unachoandika kwa nusu. Tumia kurasa mbili zinazotazamana: wa kushoto ni wako, una tarehe, mada, mfano kamili na kanuni kwa sentensi fupi. Wa kulia ni wa mwanafunzi: mapengo yaliyojazwa, kosa lililosahihishwa, swali la mwisho. Mthibiti akifungua daftari ataona kurasa mbili zilizojaa, zenye mada kufuata azimio la kazi na zenye kazi ya mwanafunzi ambayo anaweza kuisoma. Wengi wao ni walimu waliosimama ubaoni kabla yako, wanatambua daftari lililofanyiwa kazi. Mshirikishe mkuu wa idara ya hisabati kabla hujaanza, ili siku ya ukaguzi usijieleze peke yako.

Themanini huwezi kuwasahihishia kila siku, na wala usijaribu. Kusanya madaftari ya mstari mmoja wa madawati kwa kipindi na usome ukurasa wa kulia tu. Humo utapata kosa la kuweka kwenye notsi za kesho. Mapengo wasahihishane wenyewe kwa kubadilishana madaftari, uhakiki ukiwa umeandikwa hakuna haja ya jibu la mwalimu.

Na dakika tano za kwanza za kila kipindi, daftari lifungwe. Kwenye kipande cha karatasi waandike walichokumbuka cha kipindi kilichopita, mfano mmoja na kosa moja la kuepuka, ndipo wafungue na kujazia. Watalalamika, kwa sababu kusoma notsi upya kunampa mtu hisia kwamba anajua. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke wa Marekani walilipima hili mwaka 2006: waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele kwa mbali. Upimaji wa kidato cha pili hauji baada ya dakika tano.

Usibadilishe madarasa yote kwa mpigo. Chukua mkondo mmoja wa kidato cha kwanza, mada ya aljebra peke yake, uende hivyo mpaka muhula uishe, na mazoezi yawe yaleyale kwa mikondo yote. Kidato cha pili waachie kwanza ile sehemu ya kutafuta makosa, mistari minne mwishoni mwa kipindi. Hao wameshazoea kunakili, na ukiwaachia nusu ukurasa wazi siku ya kwanza watadhani umesahau kuandika.